Timu Isiyo na Ligi

Ikifika Februari, Marlys Hruska huzungumza na simu yake kama mtu anayegombana na mkwe. Yeye ni kocha wa mpira wa kikapu wa wasichana katika Chuo cha Wahlgren, chuo kidogo cha magharibi mwa Nebraska, na chuo chake hakina ligi. Vyuo vingine vyote vimejifungia katika ligi zao, vinachezana vyenyewe kwa vyenyewe tangu Mwaka Mpya mpaka theluji iyeyuke, na ratiba wanapangiwa na watu wa ofisini. Marlys ratiba yake huiomba. Hupiga simu, hubembeleza, hucheka vichekesho visivyochekesha, na mwisho wa yote hupewa mchezo wa ugenini, Jumanne saa saba mchana, safari ya kutwa nzima katika basi dogo ambalo kipasha joto chake hufanya kazi kikijisikia.

Jumanne moja simu iliita yenyewe, naye alipoona jina la mpigaji akajua ni habari mbaya. Alikuwa kocha wa chuo kimoja cha mashariki mwa jimbo, chuo cha ligi, chenye ukumbi mkubwa na jezi mpya kila msimu. Walikuwa waje Wahlgren Jumamosi.

"Marlys, mama, samahani sana," alisema yule bwana. "Ule mchezo wetu wa ligi ulioahirishwa kwa sababu ya theluji, ofisi imeusogeza Jumamosi. Sina la kufanya."

"Jumamosi hii?"

"Ligi ni ligi, unajua mwenyewe."

"Nimesahau," Marlys alisema. "Hebu nikumbushe, ligi ikoje?"

Jamaa akacheka, akidhani ni utani, akamtakia siku njema.

Marlys akaitupa simu juu ya meza, kisha akajitukana kwa Kicheki cha bibi yake, maana Kiingereza hakikutosha. Kosa lilikuwa lake. Kocha yeyote asiye na ligi anajua kwamba mchezo wako muhimu huutundiki kwenye timu ya ligi mwezi wa Februari. Hao ofisi ikikohoa tu wanakuacha kwenye mataa. Na si kwamba alikosa wengine. Orville Tapscott wa chuo cha Biblia cha Bethshan, kule Kansas, alikuwa ameiomba Jumamosi hiyo hiyo tangu Agosti. Marlys akamzungusha, akamwambia tutaona, kwa kuwa alitaka mgeni mwenye jina. Alitaka Gaylen Brandvold, baba wa mchezaji wake Thea, akija amkute binti yake anapambana na watu wazito.

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Miaka minne nyuma Marlys alikuwa ameketi jikoni kwa Gaylen, kaskazini huko kwenye vilima vya mchanga, akinywa kahawa nyepesi na kumwomba amruhusu Thea aje Wahlgren. Gaylen ni mfugaji, mtu wa maneno machache, aliyemlea Thea peke yake baada ya mama yake kuhamia Arizona na kuanza maisha mengine. Aliuliza swali moja tu.

"Ng'ombe siwezi kuwaacha. Mtoto wangu nitamwona wapi akicheza?"

"Nyumbani kwetu," Marlys akajibu. "Februari karibu yote tunacheza nyumbani, Jumamosi mchana. Utakuja na kurudi kabla ya jua kuzama. Utamwona amevaa jezi yetu, kwenye sakafu yetu. Nakuahidi."

Alikuwa anasema kweli, kwa wakati ule. Wahlgren walikuwa na ligi. Kabla msimu wa kwanza wa Thea kuanza, wakubwa wa ligi wakakutana hotelini, wakaona chuo chenyewe wanafunzi wake wanapungua na kiko mbali na kila kitu, wakapiga kura, wakakitakia kila la heri. Tangu hapo Jumamosi za nyumbani zikafutika. Wageni waliokuja walikuwa wapita njia, wanaosimama kucheza katikati ya wiki wakiwa safarini kwenda kwingine, siku ambazo Gaylen yuko peke yake na mifugo. Mara moja aliwahi kujitutumua. Akafika na kuegesha gari, akaambiwa wapinzani wamevunja safari. Alikula bakuli moja la mchuzi wa chili, akashukuru, akarudi kwake.

Hivyo Thea alikuwa amefika mwaka wake wa mwisho, mchezaji bora ambaye Wahlgren imewahi kumpata kwa muda mrefu, na baba yake hajamwona akichezea chuo hata dakika moja. Thea hakulalamika. Laiti angelalamika, Marlys angalau angepata pa kujitetea.

Akaichukua simu, akapiga moyo konde, akampigia Orville Tapscott.

"Aaa!" Tapscott akaitikia. "Malkia wa Nebraska! Leo umenikumbuka?"

"Usianze, Orville."

"Sijaanza bado. Wenye ligi wamekutosa, sivyo?"

"Wamenitosa."

"Agosti nilisema nini?"

"Orville, nimekosa. Ni siku ya kuwaaga wanaomaliza chuo. Ninaye mmoja tu, na baba yake anakuja. Amemtafuta jirani wa kumwangalizia ng'ombe wanaozaa. Njoo, tafadhali."

Tapscott ni kocha, ni mwalimu wa kitabu cha Isaya, na ndiye dereva wa gari la timu. Msimu huu Bethshan na Wahlgren walikwisha kukutana mara tatu, kwa sababu ukikosa wa kucheza naye unacheza na yule yule mpaka mnajuana majina ya mbwa wa nyumbani.

"Tutakuja," alisema.

Marlys hakumwuliza ana wachezaji wangapi. Kati ya wasio na ligi swali hilo haliulizwi. Ni kama kumwuliza mtu kama mshahara wake unamtosha. Mwenzako akisema anakuja, anakuja.

Jumamosi ikapambazuka kwa baridi kavu. Kufika adhuhuri ukumbi ulishanukia chili, ule mchuzi wa maharage na nyama ya kusaga uliokolea pilipili, na mikate ya mdalasini yenye sukari juu. Nebraska vitu hivyo viwili huliwa pamoja, na mgeni akiuliza kwa nini, wanamwona yeye ndiye mwenye kasoro. Picha ya Thea ilikuwa imewekwa kwenye fremu karibu na mlango. Maua ya kumpa mzazi yalikuwa ndani ya ndoo ya kudekia, maana chombo kingine hakikupatikana.

Gaylen Brandvold alifika mapema kuliko wote. Alikuwa amenyoa hadi amejikata kidevu, na shati lake lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akakaa safu ya pili, kofia magotini, mikono mikubwa juu ya kofia.

"Umempata nani wa kukushikia nyumbani?" Marlys alimwuliza.

"Jirani," Gaylen akasema. Akafikiri kama aongeze neno. "Hajui kitu, ila ana moyo."

Gari la Bethshan likaingia kwenye maegesho limetapakaa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Marlys akatoka kuwapokea bila koti. Akashuka Tapscott, macho mekundu. Akashuka msichana mmoja, akashuka wa pili, wa tatu, wa nne. Marlys akaendelea kuutazama mlango.

"Ndio hao," Tapscott alisema.

"Wengine?"

"Homa ya mafua imetupiga chuo kizima. Asubuhi nilikuwa na sita. Mmoja hakuweza kuinuka kitandani. Priscilla akaanza kutapika njiani, nimemwacha kwa shangazi yake, mjini McCook." Akavua kofia. "Ningegeuza, Marlys. Lakini nilishakwambia nakuja."

Wachezaji wanne hawaanzishi mchezo. Sheria inataka watano sakafuni mpira unaporushwa. Baada ya hapo mkipungua mnaendelea, lakini kuanza lazima muwe watano. Refa Verlin, mzee mwenye kitambi na roho nzuri, alilieleza hilo mbele ya meza ya waandishi wa pointi kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Bethshan wameshindwa kuleta timu. Wahlgren wanapewa ushindi, mbili kwa sifuri. Samahani, makocha. Sikuitunga mimi."

Watu walioketi wakaanza kunong'ona. Gaylen alikuwa bado amekaa vile vile, kofia magotini, akisubiri. Marlys alishindwa kumtazama.

"Verlin," alisema, "andika hiyo mbili kwa sifuri yako, weka sahihi. Halafu baada ya hapo, ukumbi ni wangu?"

"Ukumbi ni wako."

"Nikiwaazima mchezaji tukacheza tu, utapuliza kipenga?"

Verlin akajikuna shingo. "Nimeshavaa viatu," akasema.

Marlys akageukia benchi lake. "Kaylin! Vua hiyo jezi, uende kwa kocha Tapscott. Leo wewe ni wa Bethshan."

Kaylin alikuwa wa mwaka wa kwanza, mzuri wa tabia, na mpira ukimjia alikuwa akifumba macho. Akaanza kuinuka. Mkono ukamrudisha chini. Ulikuwa mkono wa Thea.

"Nitakwenda mimi, kocha."

"Kaa chini, Thea."

"Ukiwapa Kaylin tutawafunga pointi hamsini. Samahani, Kaylin."

"Kweli tupu," Kaylin akasema.

"Baba ameacha ng'ombe wanaozaa," Thea aliendelea, sauti ya chini. "Aje aone nini? Aone mimi nawachakaza watoto wanne wagonjwa na Kaylin? Nikiwa upande wao utakuwa mchezo."

"Leo ni siku yako! Nilimwambia baba yako atakuona na jezi yetu. Nilimwambia kwa mdomo wangu, jikoni kwenu!" Marlys alikuwa anasikia sauti yake inapanda, na hakuweza kuishusha. "Miaka minne, Thea. Miaka minne nataka siku hii moja iwe sawa, na wewe unataka uingie na jezi ya Orville?"

"Jezi ya Orville ina kasoro gani?" Tapscott akauliza kutoka nyuma. "Zimefuliwa."

"Nyamaza wewe!"

Thea akacheka. Kisha akawa hacheki. "Kocha, wewe ndiye uliyenifundisha. Mwenzako akija, unacheza naye."

Marlys alitamani sana kubisha. Alikuwa ameiona siku hii kichwani mara nyingi mno: jezi nyeupe ya nyumbani, jina la chuo kifuani, Gaylen akitazama. Aliipenda picha hiyo kuliko ilivyostahili, na sasa kuiachia kulimuuma. Lakini msichana alikuwa amesema kweli, tena mbele ya watu.

"Nenda," alisema. "Na usitegemee nitakuonea huruma."

"Ole wako ukinionea."

Jezi ya Priscilla, namba kumi na mbili, ilikuwa ya zambarau na ilimfika Thea karibu na magoti. Watazamaji walipomwona akitoka nayo chumba cha kubadilishia nguo wakaangua kicheko, kisha wakaelewa, wakapiga makofi. Gaylen alishuka kutoka safu ya pili kama mtu anayekanyaga barafu. Wakatembea pamoja mpaka katikati ya sakafu, yeye na maua yake yanayochuruzika maji ya ndoo, binti yake katika jezi ya wageni. Tapscott na wasichana wake wanne walisimama wima kama kwamba Thea walimlea wao. Gaylen akamwambia binti yake kitu sikioni. Thea akaitikia kwa kichwa mara mbili.

Kisha wakacheza.

Na kocha ni kocha. Marlys alikuwa amejiambia kwamba leo atakaa kwa utulivu, atabasamu, ataacha mambo yaende. Utulivu huo haukumaliza robo ya kwanza. Thea alimpiga chenga msichana wa kwanza, akampita wa pili, akaweka mpira kikapuni kama anayeweka yai kiotani, na Marlys akajikuta amesimama anafoka.

"Mnyimeni kulia! Kulia ndiko kwake! Msukumeni kushoto!"

Nani angejua zaidi yake? Kila udhaifu wa Thea alikuwa amehangaika nao kwa miaka minne, asubuhi hata jioni. Akawatuma wawili wamkabe. Thea akapasi, msichana wa Bethshan mwenye pua nyekundu kwa mafua akafunga, na Tapscott akaruka juu kama mtoto.

"Umekuja na nini leo, Marlys?" alimpigia kelele. "Huyu namba kumi na mbili wangu mbona hamumuwezi?"

"Wangu huyo!"

"Muulize amevaa nini!"

Gaylen Brandvold hakupiga makofi wala kelele katika nusu yote ya kwanza. Aliketi amejiinamia mbele, viwiko magotini, midomo ikicheza kidogo kidogo bila sauti. Simu yake ililia mara moja. Akaitoa, akaisoma, uso ukamkunjamana. Marlys alimwona, naye alijua jirani asiyejua kitu hatumi ujumbe wa kutoa salamu. Gaylen akaandika maneno machache kwa kidole kimoja, akairudisha mfukoni, akainamia mbele tena.

Ilipofika robo ya nne Bethshan walikuwa hoi. Hawakuwa na wa kubadilisha. Mmoja akafikisha faulo tano akatoka, wakabaki wanne, na Thea akawa anakimbia kwa ajili ya wawili. Marlys akaendelea kumtumia wawili wamkabe, halafu watatu. Hapo ndipo kutoka safu ya pili ikasikika sauti ambayo hapana mtu ukumbini aliyewahi kuisikia ikipanda.

"Marlys Hruska! Watatu kwa mmoja? Huna haya wewe?"

Ukumbi mzima ukageuka. Gaylen alikuwa amesimama, mwekundu hadi masikioni, maua yamebanwa kwapani. Thea naye aligeuka, mpira mkononi, mdomo wazi, na kwa hilo alinyang'anywa.

"Baba!" akalia. "Unanipotezea!"

"Cheza basi!" baba yake akamjibu. "Kwani mimi ndiye mwenye mpira?"

Sekunde za mwisho Wahlgren walikuwa mbele kwa pointi moja. Kila mtu alijua mpira utakwenda kwa nani. Kulia kulikuwa kumefungwa, Marlys mwenyewe alikuwa amekufunga. Thea akaangalia kulia, akajifanya anakwenda, kisha akakata kushoto, kule kule alikokuwa anasukumwa mchana kutwa, akaruka akautupa kwa mkono wa kushoto. King'ora kikalia. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka ukingo, ukatumbukia.

Verlin akatikisa mikono juu ya kichwa. Umechelewa. Haukubaliki.

Tapscott akalalamika mpaka sauti ikamkauka. Baadaye wote walikula pamoja, timu mbili kwenye meza moja, na yule mwenye pua nyekundu akala mikate mitatu ya mdalasini akasema mafua yamepona. Thea aliketi katikati yao, bado katika zambarau, nywele zimemganda usoni, anacheka kwa sauti.

Marlys alimkuta Gaylen amesimama kando ya mlango, anavaa koti. Jirani alikuwa ametuma tena ujumbe. Ng'ombe mmoja alikuwa amekufa akizaa, yeye na ndama wake, na Gaylen alisema hivyo kama mtu anayezungumzia hali ya hewa.

"Bwana Brandvold, nisamehe," Marlys alisema. Alikuwa ameyapanga maneno, yakamtawanyika. "Nilikuahidi jezi yetu. Nilikuahidi mchezo wa nyumbani kama inavyotakiwa. Na hata huu uliouona, kisheria haupo. Ulipoanza ulikuwa umekwisha, mbili kwa sifuri. Waandishi wa pointi walishafunga kazi. Hakuna popote patakaposema kwamba Thea alicheza leo. Hana hata pointi moja."

Aibu ilimjaa mpaka machoni. Gaylen akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akitazama kule mezani kwa binti yake.

"Thelathini na moja," alisema.

"Nini?"

"Pointi zake. Nilikuwa nahesabu." Akavaa kofia. "Na ile ya mwisho nimeitia ndani. Refa wenu aseme atakalo."

Marlys alifungua mdomo abishe, maana kocha ni kocha, na mpira ule kweli ulikuwa umechelewa. Akaufunga. Akasema ndiyo, ni thelathini na moja.